Juu ya Watasema, imbwa ya shule



Mutunzaji wa gazeti alituomba mara mbili tuandike juu ya kazi ya ukapita, kwa kuwa tuko wa kalasi ya mwisho na kisha Ekzameni ya Serikali tutaondoka. Tulijaribu. Tuliandika mistari sita juu ya usafi wa dortuari, tukapasua karatasi. Neno lililotukalia ndani ya roho mwaka huu si usafi wala funguo za stoki. Ni imbwa. Basi tutaandika juu ya imbwa, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa, kisha asome.

Tukisema "sisi" ni makapita wanne wa internati. Lakini kuna pahali ambapo "sisi" ni mutu mumoja tu, yule aliyeshika daftari. Mutapatambua wenyewe.

Watasema alifika hapa mbele yetu sote. Muzee wa zamu, ambaye wote tunamuita Baba Zamu, alimuleta akingali mutoto, ndani ya mufuko wa koti, kutoka barabara ya Kambove, sasa ni miaka 11. Jina alimupa yeye, kwa sababu ya majirani fulani waliozoea kumusengenya. Kila alipoita imbwa yake, majirani walipata jibu lao. Kwetu watu wengi wanaita imbwa hivyo, ni njia ya kusema bila kugombana.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka lupango pamoja na Baba Zamu mara tatu kila usiku. Wale waliozoea kurudi kwa kuruka ukuta aliwajua wote kwa harufu, na hakumusaliti hata mumoja. Juu ya jambo hilo tunasimamisha kalamu, maana Bwana Sirveyani anasoma gazeti hili.

Kazi yake ya pili hakupewa na mutu. Kila mwezi wa tisa, wakati watoto wa kalasi ya saba wanafika na masanduku yao na kulia chini ya blanketi, alikuwa anaingia ndani ya dortuari yao, kitu kilichokatazwa, na kulala chini katikati ya vitanda. Sisi tulifika hapa na miaka 12. Usiku wa kwanza tuliteremsha mukono pembeni ya kitanda, tukakuta manyoya. Hatukuvuta mukono mpaka asubui.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa nyingi, alianza kukohoa usiku. Tulisema ni mufupa. Tukamufungua kinywa, hatukuona kitu. Kisha Noeli, tuliporudi toka likizo, mugongo wake ulikuwa umekonda na tumbo limevimba. Watoto wa saba walifurahi sana: iko na mimba! Wakagawana watoto wake mbele ya kuzaliwa, orodha ikaandikwa, na mumoja aliuza nafasi yake kwa mikate miwili. Mwalimu wa biolojia alipapasa tumbo lile, akawaambia waache orodha.

Munajua kama shule iko na nguruwe. Kwa ajili ya nguruwe anakuja munganga wa nyama kutoka Likasi, kijana aliyesoma kwenye Fakulte ya Unganga wa Nyama ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tulimungojea kwenye mulango wa kibanda cha nguruwe, tukamuomba aangalie na imbwa. Aliangalia nyama ya kinywa kama iko nyekundu ao nyeupe, akagonga tumbo kwa vidole na kusikiliza namna linavyotikisika, kisha akaweka chombo chake cha kusikilizia juu ya kifua. Akatupa na sisi tusikilize, mumoja kwa mumoja. Moyo wa mutu muzima unagonga mara mbili, tu-tu, tu-tu. Ule haukugonga hivyo. Ulikuwa kama maji yanayopita chini ya mulango.

Alituchorea ndani ya muchanga. Moyo una vyumba na milango. Imbwa akizeeka, pengine mulango unaharibika, haufungiki tena vizuri, na damu iliyotoka inarudi nyuma. Damu ikirudi nyuma, maji yanatoka ndani ya mishipa na kuingia ndani ya tumbo na ndani ya mapafu. Ndiyo sababu ya kikohozi, na ndiyo mimba yetu ile. Mulango wenyewe hakuna dawa ya kuutengeneza. Kuna dawa ya kutosha maji, jina lake furosemide; imbwa anakojoa sana, kwa hiyo asikose maji ya kunywa wala nafasi ya kutoka inje. Chumvi hapana. Na kila siku, wakati amelala, tuhesabu pumzi zake kwa dakika moja na saa ya mukono. Chini ya 30 ni vizuri. Zikipita 30 siku kwa siku, tumupigie simu.

Mbele ya kupanda pikipiki yake alisema neno lingine: "Dawa hii si ya kuponyesha. Ni ya kupata siku. Ni ninyi mutakaoangalia kama siku zenyewe zinafaa." Tuliandika ndani ya daftari kipimo cha dawa, asubui na magaribi. Lile neno hatukuliandika.

Dawa ya mwezi ilitokea 18,000 franka. Tuliomba kila mwanafunzi wa internati atoe 200. Hapo ndipo rafiki yetu mumoja wa kalasi ya mwisho alisimama kwenye nyumba ya kulia, akasema mbele ya wote: "Mu dortuari munalala batu bagonjwa ya malaria, habana na pesa ya dawa. Munachangia imbwa?" Makelele yalikuwa mengi. Tulijibu kama hakuna aliyelazimishwa. Jibu hilo lilikuwa nusu uongo, kwa sababu tulibandika ukutani orodha ya waliotoa, na mutu akisoma orodha anaona vilevile nani hayuko. Orodha tuliitosha kisha siku tatu. Neno lake mpaka leo hatujalipatia jibu zuri.

Mwezi wa pili ulikuwa muzuri. Pumzi 26, pumzi 28, siku moja 24. Tumbo lilishuka. Alizunguka lupango na Baba Zamu mara moja, kisha mara mbili. Tulitembea kama watu waliofaulu ekzameni.

Katikati ya mwezi wa tatu pumzi zikafika 38. Munganga akaongeza dawa kwa simu. Zikafika 44. Akakuja mwenyewe, akatoboa tumbo na sindano kubwa, yakatoka maji ya rangi ya chai nyepesi, karibu litri nne ndani ya ndoo ya dortuari. Siku ile Watasema alikula, akalala amejinyoosha. Kisha siku 12 tumbo lilikuwa limerudi pahali pake.

Katika siku zile tulimukamata mutoto wa kalasi ya saba na bitoyo ndani ya mufuko, samaki wa chumvi ambaye mama yake alimutumia. Alikuwa anamupa Watasema kila jioni kipande. Tulimusimamisha mbele ya wenzake kwenye mustari, tukamuambia: wewe ndiye unayemuua. Mutoto hakulia. Aliangalia tu viatu vyetu. Tulipomuelezea munganga, alisema chumvi ni mubaya kweli, lakini ugonjwa huu haukutoka ndani ya bitoyo na haungesimama bila bitoyo. Tulitaka kupata mukosaji, na yule alikuwa mudogo na karibu. Tulimuomba samahani kisha juma zima, tena pembeni, si mbele ya mustari. Ilipaswa kuwa mbele ya mustari. Basi tunaiandika hapa.

Sasa juu ya daftari. Tulikuwa na nafasi tano kwa kila siku: pumzi, chakula, kutembea, usiku, na ya mwisho alama ya siku nzima, V kwa siku nzuri na musalaba kwa siku mbaya. Kisha Pasaka tulikaa na daftari ile peke yetu, taa ikiwa karibu kuzimika, tukahesabu siku 21. V zilikuwa 15. Tukafurahi. Halafu tukaangalia nafasi zingine. Kutembea kuzunguka lupango: hakuna hata siku moja. Kula bila kubembelezwa: siku nne. Pumzi chini ya 30: hakuna. Tukajiuliza V zile 15 zilitoka wapi. Zilitoka kwenye mukia. Kila asubui tulipofika alitikisa mukia, na sisi tukaandika V. Alitikisa kwa sababu tumefika. Ile ilikuwa adabu yake, haikuwa afya yake.

Wakati ule ule maneno ya inje yalianza. Mama mumoja wa sokoni alisema shule inafuga imbwa ya wazimu, na wazazi wawili walikuja kwa Bwana Prefe. Tuliwaeleza kama Watasema alidungwa chanjo ya ugonjwa ule kila mwaka, na kama imbwa ya wazimu, dalili zikishaonekana, anakufa ndani ya siku chache, hafikishi miezi mitano. Walisikia, hawakushawishika sana. Bwana Prefe alituita. Hakukasirika. Alisema: "Kapita, ninyi mulianza kumutunza, ninyi mumalize. Ninawapa mpaka siku ya posho."

Njia zilizosemwa zilikuwa nyingi. Mufanyakazi mumoja wa shamba alijitolea na fimbo, kama inavyofanywa mu kijiji, mara moja na imekwisha. Wengine walitaka apakiwe ndani ya gari na kuachwa mbali, kama vile barabara ingemutunza. Wengine: aachwe hivi, Mungu mwenyewe ataona saa yake. Tulienda kwa Muchungaji wa shule na neno hili. Alitufungulia Mezali 12:10, akasema mustari ule unamuomba mwenye haki aangalie uzima wa nyama yake; kama ni kwa sindano ao kwa kungoja, mustari hausemi, na yeye hatausemesha.

Kulikuwa na njia nyingine, na hiyo ilikuwa yetu. Hatukuisema mbele ya mutu. Tulifikiri tuongeze dawa, tumusukume mpaka likizo kubwa, afie kule wakati internati imefungwa na sisi tuko kwetu. Tulihesabu hata siku: zilibaki 68. Tunaandika hivi tukiona haya. Kapita anayepanga imbwa afe wakati yeye hayuko, na anaita kitu hicho huruma.

Siku ya tano magaribi tulikutana, makapita wanne na wajumbe 10 wa kalasi. Tulisoma daftari kwa sauti, nafasi zote. Tukapiga kura: 9 kwa sindano ya munganga, 5 hapana. Mumoja wa wale 5 alisema neno la kweli: "Munamuua kwa sababu munachoka." Tulimujibu ndiyo, tumechoka, lakini pumzi ni 52, na pumzi hazihesabu kuchoka kwetu.

Tuliona tumefanya vizuri. Demokrasia, daftari, kura. Tukaenda kwa kibanda cha mulangoni kumujulisha Baba Zamu.

Alikuwa anachoma mahindi. Watasema alikuwa pembeni yake, ameketi, miguu ya mbele imepanuka, shingo imenyooka juu. Tulieleza yote kwa maneno mazuri. Alitusikiliza mpaka mwisho, akageuza hindi moja, akauliza:

"Mulishaka kumaliza kupiga kura?"

"Ndiyo, Baba."

"Na miye niko kalasi gani?"

Hatukupata la kusema. Miaka 11 imbwa ni yake, na katika watu 14 waliokutana hakuna hata mumoja aliyesema: Baba Zamu yuko wapi. Tulikuwa tunaita "imbwa ya shule", na kwa neno hilo tulimupokonya bila kujua.

Alituonyesha gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Akatuambia taratibu kama, toka mwezi wa tatu, Watasema hawezi tena kulala chini. Akilala, maji yanapanda kifuani na anashtuka kama mutu anayezama. Kwa hiyo kila usiku, toka kati ya usiku mpaka mapambazuko, anamuegemeza juu ya gunia lile na kumushika kifua na mukono, na mizunguko ya lupango anaifanya mbiombio na kurudi. "Asubuyi munakuyaka na saa yenu, munahesabu," alisema. Tulihesabu imbwa aliyeshikwa usiku kucha. Zile 52 zilikuwa pumzi zake nzuri.

Tulimuuliza sababu gani hakutuambia. Alisema alifikiri watoto wa masomo wanajua. Daftari ilikuwa nene, na munganga anaongea na sisi, si na yeye. Yeye alishamaliza ndani ya roho yake tangu maji yaliporudi mara ya pili. Alikuwa anatungojea sisi, maana aliona tunampenda sana. Na sisi tulikuwa tunangoja mukia useme. Yule aliyelipa ile kungoja alikuwa kati yetu, anatafuta hewa.

Tulimuomba samahani, wote wanne, na magoti. Hakupenda magoti, alituinua. Alisema sindano ndiyo, fimbo hapana. Akaomba siku mbili. Bwana Prefe alikubali kusogeza mpaka siku ya kwanza.

Usiku wa yenga tulimuweka Watasema ndani ya burweti, juu ya gunia lake, na Baba Zamu akamusukuma kuzunguka lupango mara tatu. Sisi tulimulika na torshi. Kwenye pembe ya ukuta kule nyuma ya jiko, pahali ambapo fulani na fulani wanarukia, aliinua masikio.

Munganga alifika siku ya kwanza asubui, kalasi zikiwa zimeanza. Tulikuwa tumekataza watoto wa saba wasikaribie, lakini yule wa bitoyo alikuwa amesimama kwenye mulango wa kibanda, na tulipotaka kumufukuza Baba Zamu alisema aache, huyu alimulishaka. Mutoto akamuuliza munganga kama leo anaweza. Munganga akasema leo anaweza. Akatosha kipande cha bitoyo. Watasema hakutafuna, alikilamba mpaka mukono ukawa safi.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Baba Zamu alishika kichwa. Kwa mara ya kwanza toka mwezi wa tatu tulimuona amelala ubavu, miguu imenyooka, bila kushtuka. Munganga alingoja, akagusa jicho kuona kama anasikia, kisha akapiga ya pili. Sisi tulikuwa na saa mukononi kwa mazoea. Hatukuiangalia.

Tulichimba nyuma ya lundo la kuni, metre moja na nusu, na juu yake mawe makubwa, kwa sababu dawa ile inabaki ndani ya nyama, na imbwa ao kipanga akifukua na kula, na yeye anakufa. Wale ambao wanataka kupanda maua pale wapande, lakini mawe yasiondoshwe.

Wale 5 waliopiga hapana, wanne wanaongea na sisi. Mumoja bado hatusalimu, na hatumulazimishi. Baba Zamu anazunguka lupango peke yake. Jirani mumoja alimuletea mutoto wa imbwa juma lililopita, akasema tuone mvua zikirudi.

Ndani ya sanduku la mchango zimebaki 6,400 franka. Tumezipeleka kwa rafiki yetu aliyesimama kwenye nyumba ya kulia, tukamuomba anunue dawa za malaria kwa dortuari na aandike matumizi. Amekubali, ila amesema hataki orodha ukutani. Daftari ya Watasema iko kwa Baba Zamu. Kurasa nyuma ni nyeupe, na anaandikia ndani yake saa za mizunguko.

Kapita Mkuu wa internati, kalasi ya mwisho